Tafsiri ya Mshona Kola

Kiwandani walimwita Kamusi, na yeye akaitika. Jina lilianza kwa utani, mwaka wake wa pili kwenye mstari wa kola, pale msimamizi alipokuja na karatasi ya Kiingereza yenye maelekezo ya shati jipya akaisoma kwa sauti ya mtu anayejua, kumbe hajui. Mshona kola akamwambia taratibu, bila kuinua macho kwenye cherehani yake, "Bosi, hapo wanasema kola moja, mishono miwili. Siyo kola mbili." Mstari mzima uliangua kicheko. Tangu siku hiyo barua za shule, karatasi za dawa na ujumbe wa ajabuajabu wa simu vyote vililetwa kwake saa ya chakula, naye alivisoma huku akitafuna.

Na hili lieleweke mapema, maana baadaye watu wazima waliovaa tai walitaka kulipindisha: mwanamke huyu Kiingereza alikijua. Alimaliza kidato cha nne akiwa wa pili darasani, akataka kuwa mwalimu, baba yake akafariki, na shule ikaishia hapo. Watu wengine wangekata tamaa. Yeye aliokota kamusi kuukuu ya Kiingereza isiyo na jalada, iliyoanzia katikati ya herufi A, akaisoma kama wengine wanavyosoma hadithi. Kwa miaka kumi na tisa alishona kola mchana, na jioni, akisubiri chungu kichemke, alisoma ukurasa mmoja. Maneno yaliyotangulia ule ukurasa uliochanika hakuyajua vizuri, na alikuwa akisema hivyo mwenyewe bila aibu.

Kiwanda chenyewe kilikuwa ghorofa ya tatu: cherehani sitini, meza ndefu za wakata vitambaa, chumba cha pasi, na sehemu ya vifungo huko mwisho. Milango ilikuwa miwili. Mlango wa nyuma, karibu na vifungo, ulikuwa wa chuma na ulifungwa kwa kufuli upande wa nje, kwa hiyo ukiwa ndani uliona mlango tu kama mlango mwingine wowote. Mlango mkuu ndio uliotumika, na hapo alisimama mpekuzi, mama mnene mpole ambaye wafanyakazi walimpa jina la Papasa kwa sababu zisizohitaji maelezo.

Kila anayetoka alipekuliwa. Ukienda kula, unapekuliwa. Ukienda nyumbani, unapekuliwa. Unavua viatu unavipigisha, unafungua mkoba, unainua mikono, unageuka. Na yote hayo kwa sababu ya mashati mawili yaliyopotea miaka kumi na moja nyuma, ambayo hata hivyo yalikuja kuonekana yamedondoka nyuma ya kabati la meneja. Hakuna aliyeomba radhi. Wanawake wenye wajukuu waliendelea kuinua mikono mbele ya wenzao, mara mbili kwa siku, mpaka mikono ikazoea kuinuka yenyewe hata kabla mtu hajamfikia Papasa. Inatia hasira kuliandika jambo hili, na ilimtia Kamusi hasira kulifanya, ila aliinua mikono kama wote.

Kwenye vifungo alifanya kazi wifi yake, mdogo wa mume wake. Wifi alikuja kuishi kwao akiwa wa darasa la saba, akakulia mkononi mwa Kamusi, akasukwa nywele naye, akafundishwa kupika naye, na alipokua ni Kamusi aliyempeleka kwa msimamizi na kusema, "Huyu ni wangu, mnipe nafasi yake." Walitoka nyumbani pamoja asubuhi na kurudi pamoja jioni, wakicheka njia nzima, wakimsema kila mtu kuanzia meneja mpaka yule mwanamume mmoja wa nyumbani, mume wa huyu na kaka wa yule.

Sasa ikafika Ijumaa moja meneja akamwita Kamusi ofisini, kile chumba cha vioo ambamo mtu huonekana akigombezwa bila kusikika. Wanunuzi kutoka nje walikuwa wanakuja kukagua, na walitaka maelekezo ya kufuata moto ukizuka yabandikwe kwa lugha ya wafanyakazi.

"Wewe si ndiye Kamusi?" meneja alisema akitabasamu. "Nifanyie hii. Ukurasa mmoja tu. Jumatatu niwe nayo."

Alimvika kilemba cha ukoka, na Kamusi alikivaa. Ndiyo, alifurahi. Miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kumpa kazi ya kichwa, na sasa karatasi ilikuwa mkobani mwake. Papasa alipoupekua ule mkoba jioni, Kamusi alimwambia asiikunje, ni ya ofisi.

Jumapili mchana waliikalia yeye na wifi yake, uani, wifi akichambua mchele. Sentensi nyingi zilikuwa nyepesi. Iliyomkamata ni ile ya kwanza kabisa, yenye neno moja tu la kitendo: evacuate.

"Lina kazi nyingi hili," Kamusi alisema, kidole kikiwa juu ya ukurasa wa kamusi yake. "Mji ukijiwa na mafuriko, watu wakaondolewa wote, ni hili. Askari akijeruhiwa vitani akabebwa kupelekwa hospitali, ni hili. Nyumba ikiungua, hili. Na hapa chini kwa maandishi madogo..." Akasita, akacheka. "Hapa chini ni daktari anaongea na mgonjwa habari za tumbo."

"Tumbo lifanyeje?"

"Lifanye kazi yake, wifi. Kujisaidia."

Wifi aliweka ungo chini kwa kucheka. "Kumbe miaka yote naenda chooni tu kishamba, kuna Kiingereza kikubwa hivyo!"

Walipomaliza kucheka Kamusi alirudi kwenye karatasi, maana kazi ilimkaa moyoni. Alimweleza wifi yake kwamba Waingereza wana maneno mengi ya kutoka mahali. Kuna la abiria aliyekata tiketi, akaaga, akapanda. Kuna la mpangaji aliyeandikiwa barua na mwenye nyumba akapewa mwezi wa kufungasha. Kuna la mtu yeyote, hata anayeondoka mapema kwenye sherehe kwa sababu viatu vinambana. Hili la karatasini halikuwa mojawapo ya hayo. Ukililinganisha kote, mafuriko, vita, moto, hata hilo la tumbo, jambo lilikuwa lilelile: anayetoka haombi ruhusa, na hakuna anayemwuliza amebeba nini.

Kulipata kwa lugha yao ndiko kulikomsumbua. Kuhama kulikuwa na godoro kichwani. Kuondoka kulikuwa na kwaheri. Kukimbia kungewafanya watu wakanyagane ngazini. Alijaribu, akafuta, akamsomea wifi, wifi akakunja uso, akafuta tena. Mwisho aliandika, kwa mwandiko wake wa mviringo: Kengele ikilia, acha kila kitu, toka sasa hivi kwa mlango ulio karibu nawe. Usisubiri mtu, usisubiri kupekuliwa.

Maneno ya kupekuliwa hayakuwa kwenye Kiingereza. Aliyaongeza kwa sababu aliwajua wenzake. Wale walioandika karatasi hawakuwahi kupekuliwa, kwa hiyo wasingefikiria.

"Na mlango wa karibu na mimi ni ule wa nyuma," wifi alisema. "Una kufuli."

"Ndiyo maana inaandikwa. Wakiibandika hii, itabidi walitoe."

Jumatatu meneja aliisoma karatasi amesimama. Tabasamu liliondoka kabla hajafika katikati.

"Hii ya kupekuliwa umeitoa wapi?"

"Nimeiongeza, bosi, ili waelewe."

"Futa. Na hii ya mlango wa karibu, futa. Andika: wafanyakazi watatoka kwa mlango mkuu, kwa utaratibu wa kawaida."

"Lakini hawasemi hivyo, bosi. Wanasema mlango wa karibu. Na neno lenyewe lina maana ya kutoka hapohapo, bila..."

"Unanifundisha Kiingereza?" Alikaa, akavuta karatasi nyeupe, akamsukumia pamoja na kalamu. "Nikifungua ule mlango wa nyuma, wiki mbili hakuna shati humu. Wewe ni mshona kola, mama. Una wifi yako pale kwenye vifungo, sivyo? Mna kazi nzuri, wote wawili. Andika."

Hapa ndipo hadithi inapouma. Ingependeza kusema kwamba Kamusi alisimama kidete, akatupa kalamu, akatoka na heshima yake. Hakufanya hivyo. Aliwaza unga wa nyumba nzima kumwagika siku moja, wa kwake na wa wifi yake, na mume wake fundi bomba aliyekuwa na kazi leo na kesho hana. Mkono wake ulioandika kwa mviringo uliandika kile ulichoambiwa, na chini kabisa, kwa amri ya meneja, jina lake na neno: mfasiri. Kupitia kile kioo wenzake walimwona akiandika, wakafikiri amepandishwa cheo.

Jioni, njiani, wifi aliuliza kwa furaha, "Wamekubali?"

"Wamekubali," Kamusi alisema.

"Na kufuli?"

"Litatolewa."

Alijiambia atamweleza kesho. Kesho ikawa na mambo yake, na kesho kutwa wanunuzi walikuja. Karatasi ilikuwa imewekwa kwenye fremu ya kioo, ukutani kando ya ofisi, mahali ambapo mfanyakazi hakanyagi bila kuitwa. Wanunuzi waliipiga picha. Mmoja wao alimwuliza meneja maneno yale yanasemaje, naye akawajibu kwa Kiingereza, akisoma kila sentensi kama ilivyokuwa kwenye karatasi yao wenyewe, na Kamusi aliyekuwa mita tano tu kutoka pale akasikia kila neno. Wakaitikia kwa vichwa, wameridhika. Aliendelea kushona. Siku ile kola zake zilirudishwa tatu, jambo ambalo halikuwa limetokea mwaka mzima.

Wiki sita zikapita. Ikawa saa nne asubuhi, siku isiyo na lolote, pasi moja ikaunguza rundo la mashati chumba cha pasi. Vile vitambaa vya mchanganyiko wa pamba na poliesta haviwaki sana. Vinayeyuka na kutoa moshi mweusi mzito unaokwaruza koo. Kengele ikalia. Mitambo ikazimwa. Wanawake wakainuka, wakachukua mikoba yao, wakaenda mlango mkuu.

Wakajipanga.

Kamusi alikuwa katikati ya mstari akaliona lote. Moshi ulikuwa umeshuka mpaka usawa wa vichwa, watu wanakohoa, macho yanatiririka, na mikono ya kila mmoja iko juu. Hakuna aliyewaambia waiinue. Mbele kabisa Papasa, naye akikohoa, machozi yakimtoka, alikuwa akipapasa mbavu, akifungua mkoba, akisema, "Haya, geuka, haraka mwanangu, geuka." Hakuwa katili. Alikuwa amefanya hivyo miaka kumi na moja, na hakuna aliyewahi kumwambia kuna siku haifanywi. Karatasi pekee ambayo ingemwambia hivyo ilifutwa katika chumba cha vioo.

"Tokeni!" Kamusi alipiga kelele. "Acheni mikoba, tokeni!" Waliokuwa karibu walimwangalia kama mtu anayeruka foleni. Mmoja alimwambia, "Subiri zamu yako, dada." Ndipo hasira zikampanda kichwani, hasira za miaka yote, akapenya kwa viwiko, akamkamata Papasa mabega yote mawili na kumsukuma nje mpaka akaketi kwenye ngazi. Mlango ulipobaki bila mtu, watu walisita kidogo, halafu wakamwagika.

Chini uani alianza kutafuta. Aliwaona wa kola, wa mikono, wakata vitambaa, na wote wa vifungo, isipokuwa mmoja. Aliuliza huku na huku. Mwenzake wa meza alisema, "Tulipokwenda mlango mkuu, yeye alikwenda nyuma. Tulimwita. Akasema ule wa nyuma uko wazi siku hizi."

Fundi wa mitambo alizunguka kwa ngazi za nje akavunja kufuli kwa nyundo. Wifi alikuwa amelala nyuma ya ule mlango, vidole vimechubuka, uso mweusi kwa moshi. Alikuwa anapumua, kwa mlio.

Alikaa hospitali siku ishirini na mbili. Mapafu yaliungua ndani, madaktari walisema, yatapona kiasi, hayatakuwa kama zamani. Sauti ilirudi ikiwa na mkwaruzo, na akipanda ngazi tatu alitafuta pa kushika. Kamusi alimwosha, akamlisha uji, akamsuka nywele kitandani. Hakuna siku hata moja aliyomweleza. Wifi naye hakuuliza. Alisema tu mara moja kwamba yule mpuuzi wa kufuli lazima alisahau kulifungua siku ile, na Kamusi akageuza uso dirishani.

Kabla ya uchunguzi meneja alikuja hospitali na mfuko wa machungwa. Alimvuta Kamusi ukumbini, akaongea kwa sauti ya chini, ya kindugu.

"Dada, afisa wa usalama kazini anakuja Alhamisi. Ataiona ile karatasi, ataona jina lako. Usiogope. Sema hukulielewa lile neno. Kiingereza kigumu, kila mtu anajua. Itaandikwa makosa ya tafsiri, basi, yaishe. Kazi yako ipo, ya wifi yako ipo akipona. Nani atamlaumu mshona kola?"

Hebu fikiria ujasiri wa mtu huyu! Alimlazimisha aandike uongo, na sasa alitaka kumnyang'anya hata ujuzi wa kwamba ni uongo. Kamusi alimwacha ukumbini, akarudi kando ya kitanda cha wifi yake. Kilichomtesa zaidi ni kwamba njia ile ilikuwa nyepesi kweli: neno moja, sikuelewa, na wifi yake asingejua kamwe. Akisema vinginevyo, wifi angekuwa amekaa palepale akisikia.

Uchunguzi ulifanyika ukumbi wa kulia chakula wa kiwanda. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani, na fremu ilikuwa juu ya meza mbele yake, kando yake ile karatasi ya Kiingereza. Wafanyakazi walijaa kwenye mabenchi. Wifi alikaa mbele, kitambaa mdomoni.

Meneja alizungumza kwanza, vizuri, kwa masikitiko. Kampuni ilitoa maelekezo sahihi. Kwa bahati mbaya, aliyepewa kazi ya kufasiri ana elimu yake ya kawaida, akajitahidi, ila neno moja likamshinda. Hakuna wa kulaumiwa. Ni mshona kola tu, mama wa watu.

"Huyo mfasiri yuko?" afisa aliuliza.

Kamusi alisimama.

"Ni mwandiko wako huu?"

"Ni wangu."

Afisa aliweka kidole kwenye karatasi ya Kiingereza. Hakuwa na ukali. Pengine alitaka kumsaidia. "Neno hili hapa. Ulikuwa hujui maana yake?"

Meneja alimtazama kwa upole, akainamisha kichwa kidogo kumwashiria akubali, kama mtu anayemhimiza mtoto aseme sala.

"Nilikuwa najua," Kamusi alisema. "Maana yake ni acha kila kitu utoke sasa hivi, kwa mlango wowote ulio karibu, asikuzuie mtu. Niliandika hivyo Jumapili. Jumatatu huyu hapa akaniambia nifute, niandike mlango mkuu na utaratibu wa kawaida, kwa sababu akifungua wa nyuma tutamwibia mashati. Utaratibu wa kawaida ni kuinua mikono, mheshimiwa. Waulize. Sitini wameinua mikono kwenye moshi!" Sauti ilimpanda, akaiacha ipande. "Anasema sijui Kiingereza. Alimsomea mnunuzi Kiingereza chao neno kwa neno, akijua ukutani pameandikwa mengine, na mimi nikisikia. Mimi najua na yeye anajua. Utuandike wote wawili."

Mabenchi yalilipuka. Meneja alisimama, akaketi, akasimama tena. Afisa alipiga meza kwa kalamu mpaka kelele zikashuka, akaanza kuandika haraka, akigeuza ukurasa. Kamusi hakuwa akimwangalia yeye wala meneja.

Wifi alikuwa ameondoa kitambaa mdomoni. Alichukua muda kuvuta pumzi, na watu wa mbele walisikia mlio wa kifua chake.

"Wifi," alisema, kwa ile sauti mpya ya mkwaruzo. "Mimi nilikwenda mlango wa nyuma kwa sababu wewe uliniambia wamekubali."

"Najua," Kamusi alisema.

Afisa aliinua kichwa, kalamu mkononi, akawatazama mmoja baada ya mwingine. Aliuliza kama na hilo aliandike.

"Andika," Kamusi alisema. "Kama alivyosema. Usipunguze neno."